Wengi Huangukia Mezani Kabla ya Mbio

Hotuba kwa vijana waliomaliza kidato cha nne na wazazi wao, Kisumu

Misawa. Mulembe. Chamgei. Hamjambo nyote.

Mheshimiwa chifu, wazee wa nyumba kumi, akina mama na akina baba mlioacha biashara zenu Kibuye mkaja kuketi na watoto wenu, asanteni. Tumekuja kuzungumzia kazi za serikali zinazomchukua kijana mwenye cheti cha kidato cha nne peke yake: kurutu wa jeshi, konstebo wa polisi, askari wa magereza, karani wa kaunti, mlinzi wa lango, msaidizi wa ofisi. Ukimtajia kijana usajili wa makurutu, picha inayomjia ni uwanja, jua na mbio. Lakini kabla ya mbio kuna meza. Nyuma ya meza kuna ofisa mwenye kalamu, na hapo ndipo wengi hugeuzwa njia. Anarudi nyumbani mtu mwenye mapafu ya kumfikisha Ahero bila kusimama, kwa sababu ya herufi moja.

Tuanze na hiyo herufi.

Leo jioni tandaza karatasi nne: cheti cha kuzaliwa, kipande (yaani kitambulisho cha taifa), slipu ya matokeo au cheti chenyewe cha KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na cheti cha kumaliza shule. Soma jina kwa kidole, herufi baada ya herufi, usisome kwa mazoea. Philip yenye l moja na Phillip yenye mbili ni watu wawili mbele ya karani. Achieng' yenye kibainishi na Achieng isiyonacho, Wanjala na Wanjalla, vivyo hivyo. Kwetu huku magharibi jambo hili hutusumbua kwa sababu mtoto ana majina ya kutosha timu nzima: la ubatizo, la wakati wa kuzaliwa kama Otieno wa usiku au Okoth wa mvua, la baba, na pengine la nyanya. Mwalimu aliyewasajili kwa mtihani akachukua mawili, ofisi ya vitambulisho ikachukua matatu, na cheti cha kuzaliwa kina la nne ambalo hakuna anayelitumia nyumbani.

Tofauti hizi haziponywi kwa dawa moja. Kama majina ni yale yale ila mpangilio umebadilika, au karatasi moja imeacha jina moja, hati ya kiapo hutosha mara nyingi. Unaapa mbele ya kamishna wa viapo au hakimu kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Elewa vizuri kazi ya hati hiyo: inaeleza tu, haibadilishi jina popote. Kama jina la kwenye kipande ni tofauti kabisa na la kwenye cheti cha mtihani, utahitaji hati ya kubadili jina iliyoandaliwa na wakili, ikasajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha ndiyo upeleke ombi la kipande kipya. Safari hiyo si ya wiki moja. Tangazo la kazi likitoka, siku za kutuma maombi huwa chache, kwa hiyo anayeanza kushughulikia jina siku ya tangazo amekwisha kuchelewa.

Tarehe ya kuzaliwa ni balaa kubwa zaidi. Kipande kikisema 2004 na cheti cha kuzaliwa kikasema 2006, ofisa hana sababu ya kukuchagulia mwaka unaokufaa. Na nyinyi ambao bado mnangoja kufikisha miaka 18, mna bahati: mkienda kuomba kipande, nendeni na cheti cha kuzaliwa pamoja na slipu, mwandike vile vile, na msome fomu kabla ya kutia sahihi.

Kuhusu vyeti vilivyozuiliwa shuleni. Cheti cha KCSE huchapishwa na Baraza la Mitihani, KNEC, kikapelekwa shuleni ili ukabidhiwe wewe. Deni la karo ni kati ya mzazi na shule, na cheti hakiwekwi rehani. Mwalimu mkuu akikataa, mzazi aandike barua fupi ya kukiomba, abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, kisha apande hadi kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Barua yenye muhuri hufungua milango ambayo kelele langoni hazijawahi kuifungua.

Sasa masharti. Someni tangazo lenyewe, msisome muhtasari uliozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Matangazo ya karibuni ya konstebo wa polisi, likiwemo la 2025, yalitaka gredi ya wastani ya D+ katika KCSE, na pia D+ katika Kiingereza au Kiswahili. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inayowanasa watu. Kijana ana D+ ya wastani, anatembea kifua mbele, kumbe Kiingereza alipata D na Kiswahili D. Huyo hana sifa, hata akimshinda kila mtu kwa mbio. Umri ni 18 hadi 28. Urefu ni futi 5 na inchi 8 kwa wanaume, futi 5 na inchi 3 kwa wanawake.

Jeshi, yaani KDF, hupanga tofauti. Kurutu wa kawaida huhitaji D, umri wa 18 hadi 26, na urefu wa mita 1.60 kwa wanaume na wanawake sawa. Uzito usipungue kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Sasa mwanamume wa mita 1.66 asiyeweza kuwa konstebo anaweza kusimama kwenye foleni ya jeshi bila wasiwasi. Mwenye miaka 27 ni kinyume chake. Wapo wanaopoteza siku nzima kwenye foleni isiyo yao.

Pimeni urefu nyumbani kabla ya kulipa nauli. Simama bila viatu, visigino vikigusa ukuta, macho mbele. Mtu mwingine akulalishie kitabu kigumu juu ya kichwa, kitabu kiguse ukuta kikiwa sawasawa, apige alama ya penseli, kisha pima kutoka sakafuni kwa futi ya fundi. Futi 5 na inchi 8 ni sentimita 172.7. Pima asubuhi na upime tena jioni: mgongo hujibana mchana kutwa na mtu hupungua karibu sentimita nzima. Kwa hiyo anayegusa kipimo barabara asubuhi aombe apimwe mapema. Hakuna dawa ya kurefusha mtu wa miaka 20, na anayekuuzia hiyo dawa ameshajua urefu wa akili yako.

Baada ya karatasi na kipimo, huja ukaguzi wa mwili. Wanaangalia meno, macho, masikio, makovu makubwa, michoro ya ngozi, na nyayo. Unyayo bapa unaweza kuutambua mwenyewe: lowesha mguu, kanyaga sakafu ya saruji, tazama alama. Kama alama yote imejaa bila pindo la katikati, ujue mapema kwamba huenda ukaulizwa. Jino lililooza lishughulikieni hospitalini miezi kabla, maana halitibiki uwanjani. Kwa wasichana, tangazo huweka wazi kwamba mjamzito hachukuliwi katika zoezi hilo. Wazazi, lisemeni nyumbani bila kuzungusha.

Hapa tutulie kidogo, kwa sababu tunaingia kwenye jambo linaloweza kuua. Ukanda huu wa ziwa na magharibi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye selimundu nyingi, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Mtu aliyerithi jeni ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu huwa mzima, hajui, hajawahi kulazwa. Lakini akikimbizwa ghafla kwa nguvu zake zote, juani, bila maji, bila kuzoeshwa polepole, misuli yake inaweza kuharibika na akaanguka. Hatusemi asikimbie. Tunasema apimwe damu kabla ya kuanza mazoezi, aongeze mwendo kidogo kidogo, anywe maji, na akihisi misuli imelegea na kuuma isivyo kawaida asimame, hata kama nyuma yake kuna mtu anayempigia kelele ajikaze. Kama kwenu kuna ndugu mwenye selimundu, kipimo hiki kisingoje.

Mazoezi yenyewe ni wiki sita, na hayahitaji jimu. Wiki ya kwanza, siku nne, dakika 15 za kukimbia polepole ukichanganya na kutembea. Kila wiki ongeza dakika 5. Kuanzia wiki ya nne, siku moja kati ya hizo nne ifanye ya mizunguko: mara 4 za mita 400, ukipumzika dakika 2 kila baada ya mzunguko. Siku mbili za mwisho kabla ya zoezi, pumzika kabisa. Umbali wa mbio hutofautiana kutoka kituo hadi kituo, lakini kosa ni lile lile kila mwaka: mzunguko wa kwanza watu hutoka kama wanafukuzwa na nyuki, na wa tatu wanatembea. Shika mwendo unaoweza kuurudia. Sekunde 110 kwa kila mzunguko ni takriban dakika 4 na nusu kwa kilomita, na anayeushika mwendo huo hadi mwisho huwapita wengi waliomtangulia mwanzoni. Kimbieni kabla ya saa mbili asubuhi, jua la Kisumu halina huruma. Siku yenyewe kula uji na viazi vitamu muda wa saa mbili kabla ya mbio. Anayefika na njaa kwa kuogopa kutapika huzirai kwenye foleni, kabla hata ya kuitwa.

Tuje kwenye mtihani wa kuandika. Kazi za ukarani na baadhi ya mashirika ya umma hukupa karatasi ya kupima uwezo: hesabu ndogo, mfululizo wa namba, ufahamu, kupanga majina. Hakuna kigumu humo kwa aliyefika kidato cha pili. Kinachowaua watu ni saa. Maswali 40 kwa dakika 30 ni sekunde 45 kwa kila swali, kwa hiyo pita mara ya kwanza ukijibu yale ya wazi tu, rudi kwa yanayohitaji karatasi ya kukokotoa, mwisho ukisie yaliyobaki. Lakini soma maelekezo kwanza: kama jibu baya linapunguza alama, usikisie ovyo. Kama halipunguzi, usiache pengo hata moja.

Tazameni mitego mitatu. Bidhaa inauzwa shilingi 580 pamoja na kodi ya VAT ya asilimia 16. Bei bila kodi ni ngapi? Wengi hutoa asilimia 16 ya 580 na kupata 487.20. Wamekosea, kwa sababu kodi ilitozwa juu ya bei ya awali. Bei ya awali ikiwa sehemu 100, 580 ni sehemu 116, gawanya kwa 1.16, unapata 500. Wa pili: wafanyakazi 6 huchimba mtaro kwa siku 10, wafanyakazi 15 watachukua siku ngapi? Anayezidisha bila kufikiri huandika 25, kana kwamba watu wakiongezeka kazi inarefuka. Kazi yote ni siku 60 za mtu mmoja, gawanya kwa 15, ni siku 4. Wa tatu ni 3, 7, 15, 31, halafu nini? Tazama tofauti: 4, 8, 16, inayofuata ni 32, kwa hiyo 63. Ukikwama kwenye mfululizo, andika tofauti chini ya namba kabla ya kuanza kubahatisha.

Na kupanga majina kwa alfabeti msikudharau, hasa hapa kwetu, ambapo herufi O peke yake hujaza nusu ya kabati la masijala. Ochieng, Ochola, Odhiambo, Ogutu, Ouma, Owino. Unalinganisha herufi ya pili, zikifanana ya tatu, zikifanana ya nne. Ukivuka kwenda Bungoma shida inahamia kwenye W: Wafula, Wamalwa, Wanjala, Wanyama, Wanyonyi, Wekesa. Chukua majina 30 ya darasa lenu, yachanganye, yapange kwa dakika 3. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja.

Ukiitwa kwa mahojiano ya ana kwa ana, huulizwi falsafa. Utaulizwa wadi yako, kaunti ndogo yako, kaunti ni ngapi. Kaunti 47, maeneo bunge 290, wadi 1,450. Kisumu ina maeneo bunge 7 na wadi 35, na Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kazi yenyewe inafanya nini? Hilo ndilo swali wanaloshindwa. Anayeomba ukarani wa masijala aweze kueleza faili inavyopokelewa, inavyoandikwa kwenye rejista na inavyorudi mahali pake.

Kazi za kaunti hupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya kaunti. Tangazo lina namba ya nafasi. Iandike kwenye barua na juu ya bahasha, kwa sababu ombi lisilo na namba halina rundo la kuwekwa. Usiombe nafasi mbili kwa barua moja. Usibadilishe laini ya simu baada ya kutuma, maana wanaoitwa hupata ujumbe kwenye namba uliyoandika. Na jueni haki iliyo kwenye kifungu cha 65 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: nafasi za kuingilia zisizopungua asilimia 30 ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi katika kaunti. Kijana Mnubi wa Kibos, au Mluhya aliyezaliwa Nyalenda, anahesabiwa humo. Mluo wa Kakamega naye anahesabiwa kule. Ukitaka kujua kama kifungu hicho kilifuatwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia bodi, nayo ina siku 21 za kukujibu. Isipojibu, ofisi ya Mchunguzi wa Malalamishi ina tawi hapa hapa Kisumu.

Kuna pia hizi karatasi za kulipia. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali: shilingi 1,000, na 50 za mtandao. Kwa kawaida utachapisha fomu ya alama za vidole, C24, pande mbili kwenye karatasi moja. Mwenye saiba akikuchapishia kurasa mbili tofauti, mrudishie, vinginevyo utarudishwa wewe. Lakini usikimbilie kununua kila cheti kabla ya kuhitajika. Sheria ya Ajira ilirekebishwa 2022, na mwajiri hatakiwi kukudai vyeti hivyo mpaka awe tayari kukupa mkataba. Tangazo likiorodhesha karatasi tano za kulipia kwa mtu anayeomba tu, uliza.

Pesa sasa. Tuongee na wazazi. Usajili wa makurutu haulipishwi, hatua yoyote, kwa yeyote. Mnajua lugha yake: kuna nafasi imebaki moja, kuna mtu wa juu, tuma ya kushikilia, iliyobaki akipata barua. Ng'ombe anauzwa, kipande cha shamba kinauzwa, barua inakuja kwenye simu ikiwa na nembo safi kuliko ya serikali yenyewe. Kwa kawaida aliyefaulu hukabidhiwa barua yake pale pale kituoni baada ya zoezi. Vijana wamewahi kuripoti kambini Eldoret na barua za kughushi wakaishia kukamatwa, wakiwa na masanduku yao ya chuma na ndoo mpya, huku aliyepokea pesa amezima simu. Na Sheria ya Hongo ya 2016 haimhurumii anayetoa kwa kuwa ni maskini: mtoaji na mpokeaji wote, kifungo hadi miaka 10 au faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili.

Mtu husema, lakini wanaolipa hupita. Wengine hupita, ndiyo, hatutadanganyana katika ukumbi huu. Lakini kumbukeni usajili wa polisi wa Julai 2014. Mamlaka ya kusimamia polisi, IPOA, ilienda mahakamani ikilalamikia rushwa na ukiukaji wa taratibu, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi zima la makurutu 10,000. Aliyekuwa amelipa hakuwa na risiti ya kupeleka popote. Ukiona pesa zikibadilishana mikono, andika saa, mahali, na kilichosemwa, siku hiyo hiyo, kisha upeleke EACC, tume ya kupambana na ufisadi, au, kwa polisi, IPOA. Malalamiko ya "walipendelea tu" hayafiki mbali. Yenye saa na mahali husomwa.

Wenye ulemavu, msijitoe wenyewe. Foleni ya uwanjani haiwafai wengi wenu, lakini ukarani, mapokezi na masijala ziko wazi, na Katiba, ibara ya 54, inataka angalau asilimia 5 ya walio katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Jisajilini na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu mapema, ili namba iwepo tangazo likitoka.

Maswali tutayachukua sasa hivi. Pale mlangoni kuna meza, taa, na watu wawili wenye rula na kalamu nyekundu. Aliyekuja na kipande na slipu apitie hapo kabla ya kutoka, wamsomee jina lake herufi kwa herufi. Wale wa O, pangeni foleni yenu peke yenu, mko wengi.